Kasi ya Sauti Iko Mikononi mwa Joto

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kusoma katika kitabu kimoja cha fizikia kwamba sauti husafiri hewani kwa mita 330 kwa sekunde. Kitabu cha pili kinamwambia 340. Karatasi ya mtihani inampa 343, na fundi wa vipaza sauti anayefanya kazi Mombasa mwezi wa Februari akitaja 350 hatakuwa amekosea. Namba hizo nne zinagombana kwa sura tu. Ya kwanza inakaribia hewa yenye nyuzi sifuri za Selsiasi, ya pili ni ya hewa ya nyuzi 15, ya tatu ya nyuzi 20, na ya nne ni ya mchana wa kaskazi pwani, joto likiwa nyuzi 31 au 32. Maswali mengi ya mitihani yanakosa sentensi fupi inayotaja joto, na pasipo sentensi hiyo kasi yoyote ya sauti ni nusu ya habari.

Kwa hesabu ya haraka, anza na mita 331.3 kwenye nyuzi sifuri, kisha ongeza mita 0.6 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Kanuni hii inatosha kwa shughuli za kila siku. Ukweli wake kamili ni kwamba kasi ya sauti hufuata kipeuo cha pili cha joto halisi, yaani joto linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hewa inapopanda kutoka nyuzi sifuri hadi 30, joto lake halisi huongezeka kwa asilimia 11 hivi, na kasi ya sauti huongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Ongezeko hilo halitambuliki kwa sikio la mtu anayezungumza na jirani yake. Lakini katika safari ya kilomita nyingi, au ndani ya chombo kinachopima sehemu ndogo za sekunde, hubadilisha kila kitu.

Sababu iko ndani ya hewa yenyewe. Katika chumba chenye nyuzi 20, molekuli za hewa hukimbia huku na huko kwa kasi ya takriban mita 500 kwa sekunde, na kila moja hugongana na wenzake mara mabilioni kwa sekunde. Mtu akipiga makofi, husukuma molekuli zilizo karibu na viganja vyake. Hizo huzigonga zinazofuata, nazo huzigonga nyingine, na kinachofika sikioni ni habari ya ule msukumo. Hakuna molekuli hata moja inayosafiri safari nzima. Ni mbio za kupokezana vijiti. Wakimbiaji wakiongezwa kutoka wanne hadi arobaini katika njia ileile, kijiti hakitafika mapema kwa sababu ya wingi wao, maana kila mmoja atakimbia kipande kifupi zaidi kwa kasi ileile. Kijiti huwahi pale tu miguu inapokuwa myepesi. Wepesi wa molekuli unaamuliwa na joto, na sauti haiwezi kuwatangulia wabebaji wake.

Hapo ndipo linapoanguka kosa lililozoeleka kuliko yote katika somo hili: kudhani kwamba sauti hupungua kasi mlimani kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la Dar es Salaam. Baridi ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, sauti hupita pale kwa mita 327 hivi kwa sekunde, wakati Dar es Salaam, kwenye nyuzi 32, inapita kwa 350. Tofauti hiyo yote imetokana na baridi. Kama hewa ya kileleni ingeweza kupashwa moto hadi nyuzi 32 bila kuongezwa shinikizo hata chembe, sauti ingeenda kwa mita 350 zilezile. Shinikizo linapopungua, hewa huwa laini zaidi kusukumwa, lakini pia huwa nyepesi zaidi. Mambo hayo mawili hufutana kabisa, na joto hubaki peke yake uwanjani.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1740 Giovanni Ludovico Bianconi, huko Bologna, alionyesha kwamba sauti huenda haraka zaidi wakati wa joto kuliko wakati wa baridi. Katika miaka hiyohiyo Mfaransa Charles Marie de La Condamine alikuwa Amerika Kusini pamoja na msafara uliokwenda kupima umbo la dunia. Alipima kasi ya sauti mjini Quito, juu ya milima ya Andes kwenye mita 2,850 na hewa yake ya ubaridi, kisha mwaka 1744 akapima tena Cayenne, pwani yenye joto. Kwa vipimo vya leo alipata karibu mita 339 Quito na 357 Cayenne. Nadharia inatazamia pengo la mita kumi hivi, si kumi na nane. Upepo na saa za wakati ule zilikuwa na mchango wao. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa sahihi, na uchaguzi wa miji hiyo miwili ulikuwa wa bahati njema kwa sayansi.

Unyevu nao una sehemu yake, ingawa ndogo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko naitrojeni na oksijeni, hivyo hewa iliyojaa unyevu ni nyepesi kidogo na sauti hupita humo haraka kidogo. Katika jiji la pwani lenye nyuzi 30 na hewa iliyoshiba mvuke, nyongeza hiyo ni kama mita mbili kwa sekunde. Ni sawa na kupandisha joto kwa nyuzi tatu au nne.

Kujua kwamba joto lina neno ni jambo moja. Kujua lina neno kiasi gani kulichukua zaidi ya karne, na aliyejikwaa hapo alikuwa Isaac Newton. Katika kitabu chake Principia cha mwaka 1687, Newton alikokotoa kasi ya sauti kwa kutumia mambo mawili tu: ugumu wa hewa inapobanwa, na uzito wake. Njia ilikuwa nzuri ajabu. Jibu lilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 15. Katika toleo la pili la mwaka 1713 alijaribu kuliziba pengo kwa kudai kwamba chembe za hewa zina unene wake na kwamba mvuke ulio hewani hauchangii mwendo, maelezo ambayo leo yanasomeka kama kiraka.

Kosa lilijificha mahali ambapo hakupatilia shaka. Newton alichukulia kwamba wimbi la sauti linapoibana hewa, joto la hewa hiyo halibadiliki. Kumbe hubadilika. Yeyote aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto: hewa ikibanwa hupata joto, ikiachiwa hupoa. Katika wimbi la sauti kubanwa na kuachiwa huko hutokea mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, haraka kiasi kwamba joto halipati muda wa kutoka. Hewa iliyobanwa na kupata joto hujitutumua kwa nguvu zaidi kuliko Newton alivyodhani, na wimbi hupita kwa haraka zaidi. Pierre-Simon Laplace ndiye aliyelitoa jawabu hilo hadharani mwaka 1816. Kwa hewa, jibu la Newton linatakiwa kuzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1.4, ambacho ni 1.18.

Miaka sita baadaye, usiku wa Juni 1822, wanasayansi waliokuwa Ufaransa wakiwemo François Arago, Joseph Louis Gay-Lussac na Alexander von Humboldt waliweka mizinga Villejuif na Montlhéry, kusini mwa Paris. Waliipiga kwa kupokezana kutoka pande zote mbili ili kosa la upepo lijifute lenyewe. Walipata mita 340.9 kwa sekunde kwenye hewa ya takriban nyuzi 16. Ni namba ambayo mwalimu wa leo anaweza kuiandika ubaoni bila kuona haya.

Kwa hiyo joto linaingia mlangoni mara mbili. Kwanza kama hali ya hewa ambayo sauti inaikuta. Pili kama mpasho mdogo wa ghafla unaozaliwa ndani ya wimbi lenyewe. Vitabu vingi vya shule huutaja mlango wa kwanza na kuusahau wa pili, na hilo ni hasara, kwa sababu wa pili ndio ulioikamilisha nadharia.

Marubani wanaishi na tofauti hizi kila siku. Karibu na usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15, kasi ya sauti ni kilomita 1,225 kwa saa. Kwenye kimo cha kilomita 11, ambako joto la kawaida ni nyuzi 56.5 chini ya sifuri, ni kilomita 1,062 tu. Chuck Yeager alipoivuka kasi ya sauti kwa mara ya kwanza katika mruko wa usawa, tarehe 14 Oktoba 1947, ndege yake ya Bell X-1 ilikuwa kwenye baridi ya juu, ikienda takriban kilomita 1,127 kwa saa. Mwendo huohuo ungefanyika chini, jangwani, asingeivuka. Angebaki karibu kilomita mia moja kwa saa nyuma ya sauti.

Ndiyo maana ndege za abiria za masafa marefu huongozwa kwa namba ya Mach, yaani uwiano kati ya mwendo wa ndege na kasi ya sauti ya mahali ilipo. Namna hewa inavyotiririka juu ya bawa hutegemea uwiano huo. Boeing 787, ambayo Air Tanzania na Kenya Airways zinaitumia, husafiri kwa kawaida kwenye Mach 0.85. Katika baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri hiyo ni kilomita 903 hivi kwa saa. Hewa ikiwa na joto zaidi kwa nyuzi kumi, Mach ileile huwa 924.

Ardhini nako joto liliingia kwenye rekodi. Andy Green alipoendesha gari la Thrust SSC katika jangwa la Black Rock, Nevada, tarehe 15 Oktoba 1997, rekodi iliyoandikwa ilikuwa kilomita 1,228 kwa saa, takriban Mach 1.02. Ukizigawanya namba hizo mbili unapata hewa ya nyuzi tano au sita tu. Mwendo huohuo katika hewa ya nyuzi 30 usingefikia hata Mach moja.

Mpaka hapa hewa imechukuliwa kana kwamba ina joto moja kila mahali. Haiko hivyo, na kutolingana kwake ndiko kunakoleta maajabu makubwa zaidi. Wimbi la sauti lina upana. Upande wake mmoja ukipita kwenye hewa ya joto na mwingine kwenye hewa ya baridi, ule wa joto hutangulia na wa baridi huchelewa, na wimbi zima hupinda kuelekea baridi.

Mchana ardhi huchomwa na jua, na hewa iliyo karibu na udongo huwa na joto kuliko ile ya juu. Sauti hupinda kwenda juu, na mtu aliye mbali kidogo huachwa katika kivuli kisicho na sauti ingawa anaona wazi inakotokea. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoa haraka kuliko hewa ya juu yake. Mpangilio hugeuka, na sauti iliyokuwa ikipotelea angani hurudishwa chini. Adhana ya alfajiri, honi ya treni, ngoma ya kijiji cha pili: zote hufika mbali zaidi katika saa hizo, na utulivu wa barabara ni sehemu tu ya sababu. Juu ya maji, hewa ya chini inapopozwa na ziwa au bahari, mazungumzo ya wavuvi husikika kutoka umbali ambao kwa kawaida yangemezwa.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaifahamu pia sura ya pili ya jambo hili. Dhoruba nyingi za ziwa hilo hupiga usiku, na mara nyingi umeme huonekana ukimulika upeo bila ngurumo yoyote kusikika. Ngurumo ipo. Hewa kwa jumla hupoa kadiri mtu anavyopanda, kwa hiyo sauti inayotoka mawinguni hupinda kwenda juu, na zaidi ya kilomita 15 hadi 20 hupita juu ya vichwa vya watu. Kwa ngurumo zinazosikika, kanuni ya kuhesabu sekunde tatu kwa kila kilomita ni ya kuaminika popote watu wanapoishi: kwenye nyuzi 25 kilomita moja huchukua sekunde 2.89, na asubuhi ya nyuzi kumi katika nyanda za juu huchukua 2.96.

Tembo waliijua faida hii ya jioni kabla ya wanasayansi. Mwaka 1984, Katy Payne aligundua katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon, kwamba tembo huitana kwa sauti nzito mno, nyingi zikiwa chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, ambazo sikio la binadamu halizipati. Kisha alifanya kazi Amboseli, Kenya, pamoja na Joyce Poole, na ushahidi ukathibitika porini. Katika miaka ya 1990 Michael Garstang na wenzake walichunguza hali ya hewa ya Etosha, Namibia, na kukokotoa jinsi inavyobeba miito hiyo. Jua likishazama, tabaka la hewa baridi hutanda karibu na ardhi na la joto hukaa juu yake kama kifuniko. Mwito ambao adhuhuri unafunika takriban kilomita 30 za mraba unaweza jioni kufunika hadi 300. Kwa mnyama ambaye jike wake huwa tayari kupandwa kwa siku chache tu katika miaka kadhaa, upana huo si jambo dogo.

Kupinda kwa sauti kumefichua hata joto la mahali ambapo hakuna kipimajoto kilichokuwa kimefika. Tarehe 21 Septemba 1921 kiwanda cha mbolea cha Oppau, Ujerumani, kililipuka na kuua zaidi ya watu 500. Mlipuko ulisikika karibu, ukakosekana katika ukanda mpana uliofuata, kisha ukasikika tena hadi Munich, karibu kilomita 300. Kanda za ukimya za namna hiyo zilikwishatambuliwa katika milio ya mizinga. Maelezo yalikuja miaka miwili baadaye. F. A. Lindemann na G. M. B. Dobson walikuwa wamehitimisha kwa kuchunguza vimondo kwamba hewa ya kimo cha makumi ya kilomita ina joto kubwa kuliko ilivyoaminiwa, na mwaka 1923 F. J. W. Whipple akaunganisha mambo hayo mawili: sauti iliyopanda ikapotea ilikuwa imekutana na hewa ya joto huko juu, ikapindishwa na kurudi ardhini mbali. Leo inajulikana kwamba kwenye kimo cha kilomita 50, baada ya baridi kali ya chini yake, joto hurudi karibu na nyuzi sifuri, kwa sababu ozoni hufyonza miali ya jua. Watu waliosikia kishindo wakiwa umbali wa karibu kilomita mia tatu walikuwa, bila kujua, wameipima anga kwa masikio yao.

Wanamuziki wanalipa ushuru wa joto kwa njia nyingine. Katika filimbi, nai au kinanda cha mabomba, mlio hutegemea muda ambao sauti huchukua kupita ndani ya mrija. Joto likipanda kwa nyuzi kumi, mlio hupanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Uzi wa fidla, kwa upande wake, hutanuka ukipata joto, hulegea na kushuka. Kundi la taarabu lenye nai na fidla likitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda jukwaa la nje, ala hizo mbili huachana zikielekea pande tofauti.

Katika vitu vigumu mkondo hugeuka. Ndani ya chuma, sauti hupita kwa karibu mita 5,900 kwa sekunde, kwa sababu atomi zake zimeshikana kwa nguvu, lakini chuma kikipata joto mshikamano huo hulegea na sauti hupungua kasi. Mafundi wanaokagua mabomba na reli kwa mawimbi ya sauti hulazimika kuzingatia jambo hilo.

Hata vifaa vya bei nafuu vinadanganyika. Kihisi cha sauti kinachowekwa juu ya tangi la maji hutuma mlio, husubiri mwangwi, kisha hukokotoa umbali. Kikiwa kimepangiwa mita 343 kwa sekunde, na hewa ndani ya tangi la plastiki lililo juani imefika nyuzi 45, kasi halisi ni 358. Maji yaliyo mita mbili chini ya kihisi yataonekana kuwa karibu zaidi kwa sentimita nane. Mwanafunzi anayejenga mradi wa namna hiyo akiongeza kihisi kidogo cha joto na mstari mmoja wa programu, kosa huondoka.

Ukigeuza hesabu, kosa hilo ni zawadi. Ikiwa joto linaamua kasi ya sauti, basi sauti ni kipimajoto. Maabara bora za vipimo duniani zilitumia wazo hili kwa umakini wa kushangaza: katika maabara ya taifa ya Uingereza huko Teddington, na nyingine za Ufaransa na Marekani, watafiti walijaza gesi, hasa agoni, ndani ya tufe lililochongwa kwa usahihi mkubwa, wakapima kasi ya sauti humo kwa joto linalojulikana. Kutokana na vipimo hivyo, vikisaidiwa na njia nyingine, ilipatikana thamani ya kigezo cha Boltzmann, namba inayounganisha joto na nishati ya molekuli, na tarehe 20 Mei 2019 kipimo cha kelvini kikafafanuliwa upya duniani kote kwa thamani hiyo. Joto tunalolisoma leo kwenye kipimajoto chochote limesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya sauti iliyokuwa ikivuma ndani ya tufe.

Kwenye sayari ya Mars pia kipimo kimechukuliwa. Maikrofoni za chombo cha Perseverance, kilichotua Februari 2021, zilionyesha kwamba sauti nzito hupita huko kwa karibu mita 240 kwa sekunde, na zile nyembamba kwa karibu 250. Hewa ya Mars ni kabonidayoksaidi baridi na haba, na molekuli zake hazipati muda wa kumeza na kurudisha nishati ya mitetemo ya haraka. Muziki uliopigwa mbali kule ungefika huku sauti nyembamba zikitangulia.

Majini ndiko suala hili linakogusa maisha ya watu wengi zaidi. Novemba 1826, katika Ziwa Geneva, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm waligonga kengele chini ya maji huku wakiwasha baruti kwa wakati uleule, na msikilizaji kwenye mashua ya pili, zaidi ya kilomita 13 mbali, akahesabu muda kati ya mmweko na mlio. Walipata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzi nane. Sauti huenda majini zaidi ya mara nne ya hewani kwa sababu maji ni magumu kubanwa. Na tofauti na vimiminika vingi, maji yakipata joto huipitisha sauti haraka zaidi, mpaka kiasi cha nyuzi 74. Zaidi ya hapo kasi huanza kushuka.

Wanamaji wa Marekani walilipata somo hili kwa taabu katika miaka ya 1930. Vifaa vya kutafuta nyambizi kwa mwangwi vilifanya kazi vizuri asubuhi karibu na Guantánamo, Cuba, kisha vikashindwa alasiri. Watafiti wa Woods Hole waligundua kwamba jua lilikuwa linapasha moto mita chache za juu za bahari kwa nyuzi moja au mbili, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kuipindisha sauti kwenda chini. Nyambizi iliyo mbali kidogo ilikuwa salama ndani ya kivuli.

Chini zaidi kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kutoka usoni bahari hupoa kadiri kina kinavyoongezeka, na sauti hupungua kasi. Baridi ikishatulia, shinikizo la maji huchukua usukani na kuiongeza kasi tena. Katikati, kwenye kina cha takriban mita 1,000 katika bahari za tropiki, kuna tabaka ambalo sauti huenda polepole kuliko juu na chini yake. Sauti inayojaribu kutoka humo hupindishwa na kurudi, kwa hiyo husafiri mbali ajabu. Maurice Ewing aliuthibitisha mfereji huo mwaka 1944, na Leonid Brekhovskikh wa Urusi akaugundua kwa njia yake mwaka 1946. Mwaka 1960 milipuko iliyopigwa baharini karibu na Perth, Australia, ilinaswa Bermuda, karibu nusu ya mzunguko wa dunia, baada ya zaidi ya saa tatu na nusu.

Walter Munk na Carl Wunsch walipendekeza mwaka 1979 kwamba bahari ipimwe joto kwa njia hiyo. Wimbi linalovuka maelfu ya kilomita hubeba wastani wa joto la njia yake yote. Bahari ikipata joto hata kidogo, wimbi huwahi. Januari 1991 Munk na wenzake waliteremsha vipaza sauti karibu na Kisiwa cha Heard, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na mlio wao ukapokelewa hadi pwani zote mbili za Marekani. Mradi uliofuata ulikutana na upinzani wa watu waliohofia kwamba milio hiyo ingewaumiza nyangumi, na hofu hiyo ilistahili kusikilizwa.

Suluhisho likaja kutoka kwa dunia yenyewe. Mwaka 2020, Wenbo Wu na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia matetemeko yanayojirudia mahali palepale karibu na Kisiwa cha Nias, Sumatra. Kila tetemeko hutuma sauti baharini, na kituo cha Diego Garcia, karibu kilomita 3,000 magharibi, huinasa baada ya zaidi ya nusu saa. Kwa kulinganisha matetemeko pacha ya kati ya 2005 na 2016 na kusoma sehemu za sekunde ambazo mawimbi yaliwahi au kuchelewa, walipata kwamba mashariki ya Bahari ya Hindi ilipata joto kwa takriban nyuzi 0.044 kwa muongo, zaidi ya makadirio ya maboya yanayoelea. Hakuna mlio uliopigwa na binadamu, na hakuna nyangumi aliyesumbuliwa.

Kwa Afrika Mashariki kipimo hiki kina uzito wa pekee. Mvua za vuli hutegemea kwa kiasi kikubwa tofauti ya joto kati ya mashariki na magharibi ya bahari hii. Mwishoni mwa 2019, upande wa magharibi ulipokuwa na joto kupita kawaida, mafuriko yaliikumba Kenya, Somalia na nchi jirani, na mwaka uliofuata maji ya Ziwa Victoria yalivunja rekodi. Lakini njia iliyopimwa kutoka Nias inaishia Diego Garcia, katikati ya bahari. Nusu ya magharibi, ile inayogusa Lamu, Pemba na Mtwara, iko nje ya mstari huo. Matetemeko ya Sumatra hayatakoma, na mawimbi yake yanavuka upande huu pia. Kinachohitajika ni vipokea sauti vilivyoshushwa katika maji ya kina mbele ya pwani hii, vyenye saa sahihi na watu wa kuvitunza kwa miaka mingi mfululizo, jambo ambalo vyuo vya bahari vya Zanzibar na Mombasa vina kila sababu ya kulidai.